Chatne Niliyokatazwa, Udongo Niliopewa

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, kitu kilicholindwa zaidi katika nyumba ya mama mkwe wangu hakikuwa mimi. Kilikuwa kibakuli cha chatne. Alikifunika kwa sahani, juu ya sahani akaweka mchi wa kinu, na kila nilipopita jikoni aliniangalia mikono.

Ilikuwa chatne ya kawaida, ile ya kijani inayoliwa kisiwa kizima kwa badia za kunde, kwa muhogo wa kuchemsha, kwa samaki wa kukaanga. Kotmiri nyingi, ambayo wengine huiita majani ya giligilani, nanaa kidogo, pilipili mbichi, kitunguu thomu, chumvi na ndimu. Anayetaka huongeza nazi. Haipikwi. Husagwa, ikaonjwa, ikaliwa. Hapa Tumbe sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kama ina madhara, mpaka tumbo langu lilipoanza kuzungumzwa.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Wageni wakishuka bandarini Mkoani huvuta pumzi wakaisifu harufu yake. Mimi ilinitoa nje mara tatu kila asubuhi nikaliinamie shina la mpapai. Nafundisha sayansi skuli, na nadhani wanafunzi wangu walijua kabla ya mume wangu. Samaki ndio sikumweza kabisa, jambo ambalo katika nyumba ya mtu anayenunua samaki dikoni, vyombo vinaposhusha, na kuwapeleka sokoni Chake ni kama tusi. Mume wangu alikuwa akirudi jioni, anaoga mara mbili, kisha anakaa kwenye kiti cha mbali kama mgeni aliyekuja kuposa.

Chakula kimoja tu kilikubali kukaa tumboni: muhogo wa kuchemsha uliochovywa kwenye chatne ya yule mama anayeuza badia karibu na skuli. Siku moja nikaibeba nyumbani kwenye kibakuli.

"Mwanangu, hicho nini?" mama mkwe akauliza.

"Chatne, mama."

"Ya kotmiri?"

"Ya kotmiri."

"Astaghfirullah! Wataka kuitoa hiyo mimba?"

Naomba nimtendee haki, maana hoja yake ilikuwa na mpangilio kuliko insha nyingi ninazosahihisha. Mzazi kwetu hukaa arubaini akinyweshwa uji wa pilipili manga na kulishwa vitu vya moto, ili tumbo lisafike. Kotmiri, thomu na pilipili, kwa hesabu yake, vyote ni vitu vya moto. Basi kinachosafisha tumbo baada ya mtoto kutoka, kikitangulia, kitamsafisha na mtoto mwenyewe. Ukikubali hatua ya kwanza, huna pa kutokea.

Mimi nilikuwa na pa kutokea, au ndivyo nilivyodhani. Nikamkalisha mkekani nikamweleza, polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la mwanzo. Kwamba majani yanayotiwa kwenye chakula si sawa na dawa. Kwamba mtu anaweza kuchukua mmea huo huo akaukamua mafuta, au akachemsha fungu zima akanywa kwa kukusudia kutibu kitu, na hapo mja mzito ana haki ya kuogopa; lakini vijiko viwili vya chatne kando ya muhogo ni mboga tu. Nikampa mfano wa chumvi. Nikampa mfano wa karafuu zenyewe, ambazo yeye hutia kwenye pilau bila ya kumwogopa mtu. Alinisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa kila mahali panapostahili.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Nipe kibakuli."

Wiki ile ile alikwenda kwao Shumba kwenye maziko. Aliporudi alifungua ncha ya kanga yake mbele yangu kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi ya harusi. Ndani mlikuwa na vipande vya udongo wa kula, vya rangi ya kijivu, vilivyokaushwa vikakauka hasa.

"Huu ndio wa kula mja mzito. Mtoto anautaka huu. Mimi wote sita nimewabeba kwa udongo."

Nikauma kipande kwa adabu. Na sasa naandika jambo ambalo sikulisema darasani: ulikuwa mtamu. Ulikuwa na ladha ya mvua ya kwanza inapopiga ukuta. Kesho yake nikauma kingine, na safari hii adabu haikuwamo. Mwisho wa mwezi nilikuwa na akiba kwenye boksi la chaki, mezani kwangu skuli, chini ya picha ya minyoo niliyoibandika ukutani mwenyewe.

Kwa hiyo mambo yakawa hivi. Nyumbani nilikula udongo hadharani, nikipongezwa. Wakati wa mapumziko nilikwenda kula chatne kwa siri, nimejibanza nyuma ya kibanda cha muuza badia.

"Mwalimu," akaniambia yule mama, akicheka mpaka mabega yanatikisika, "wala kwa kujificha kama mla mchana wa Ramadhani!"

"Nitilie, mwaya. Usinitangaze."

"Nikutilie nyengine?"

"Nitilie."

Siku ya kliniki mama mkwe alivaa buibui lake jipya akanifuata. Hakuja kunisindikiza, alikuja na kesi. Nesi, ambaye sote humwita daktari, alinichoma kidole, akatazama kipimo chake, akaandika kwenye kadi, kisha akaangalia tena alichoandika. Kabla hajafungua kinywa mama mkwe alikwishaanza.

"Daktari, huyu anakula chatne." Alisema kwa sauti anayotumia kushitaki mbuzi wa jirani kwa sheha wa kijiji.

"Chatne ya nini, mama?"

"Ya kotmiri. Na nanaa ndani yake."

"Haina neno. Kwa kiasi cha chakula, kotmiri na nanaa hazitoi mimba."

Nilimgeukia mama mkwe na uso ambao sijivunii. Nesi hakuwa amemaliza.

"Anaisaga nani hiyo chatne?"

"Mama mmoja muuza badia," nikasema.

"Majani anaoshea maji gani?"

Nikaitazama kadi yangu mkononi mwake.

"Inakaa muda gani pale nje? Anaifunika?"

Miaka yangu yote ya kufundisha nimewaambia watoto wachemshe maji. Nimewachorea kisima, nimewachorea choo kilicho juu ya kisima, nimewachorea na mishale. Nilikuwa nimelitetea jani la kotmiri kama wakili, kutoka mzizi mpaka ncha, na wala sikuwahi kujiuliza limeogeshwa wapi. Nesi alinieleza polepole, na polepole hiyo niliijua, ilikuwa yangu ya mkekani. Chatne haioni moto, kwa hiyo kilichoingia na maji machafu hubaki humo humo. Tumbo likichafuka, mja mzito huumia kuliko mwengine, na maradhi mengine humfikia mtoto.

"Sasa hilo ni la chatne," akasema. "Mimi lililonishughulisha ni damu yako. Iko chini. Ukija kujifungua na damu hii, ukivuja kidogo tu, huna ya akiba. Vidonge vyekundu nilivyokupa unakunywa?"

Vilikuwa kabatini. Nilivinywa siku mbili, vikanipeleka kwenye mpapai, nikaviacha.

"Na udongo unatafuna?"

Mama mkwe akageukia dirishani, kama kwamba nje kumepita mtu anayemjua.

"Natafuna," nikasema.

"Nani kakuzoesha?"

Nikajibu kwamba nimezoea tu mwenyewe. Kisha nikasikia sauti ndogo upande wa dirisha. "Mimi nimempa."

Nesi hakumgombeza. Alimwambia, kwa heshima zote, kwamba udongo huzuia mwili usichukue yale madini ya kuongeza damu yaliyomo kwenye vidonge na kwenye mboga, na kwamba aghalabu huja na mayai ya minyoo. Mama mkwe aliuliza swali moja tu, na hakuuliza kwa ubishi.

"Kwa hiyo nimemnyonya mimi damu yake?"

"Mama, inapanda. Aache udongo leo, anywe vidonge pamoja na chakula. Chakula gani kinakaa tumboni?"

"Muhogo," nikasema. Nikaona aibu kuendelea. "Na chatne."

Nesi akacheka. "Basi vinywe baada ya muhogo na chatne. Ndimu yake itakusaidia, vidonge hupokelewa vizuri zaidi na kitu kikali kama hicho. Chai ndiyo uiweke mbali. Lakini chatne isagwe nyumbani, majani yaoshwe vizuri kwa maji safi, na iliwe siku hiyo hiyo."

Kesho yake asubuhi nikaamka kwa mlio wa sufuria. Mama mkwe alikuwa amechemsha maji, ameyapoza, na anaosha kotmiri jani moja moja, kama anayemwogesha mtoto wa siku saba. Kinu alikisuuza kwa maji ya moto. Chatne ilipokuwa tayari aliniletea mwenyewe, na vidonge vikiwa ubavuni mwa sahani, akakaa kunitazama nikimeza.

Mchana alikwenda kwa muuza badia. Nilikuwa kwenye dirisha la darasa, nikasikia yote.

"Maji haya ya wapi?"

"Ya kisimani, bi mkubwa. Miaka yote hii wala badia zangu, leo ndio waniuliza maji? Kwani mimba unayo wewe?"

"Leo nna mjukuu. Na hii ya leo umeichanganya na ya jana?"

"Ili ikolee!"

"Haya. Itakoleza maradhi."

Kuhusu udongo, mama mkwe aliniuliza jioni kama umebaki wowote, nikasema hapana. Siku mbili nilivumilia uongo huo. Siku ya tatu nikamletea lile boksi la chaki. Alilifungua, akanusa, akafumba macho kidogo, na nikafahamu kwamba mimba sita hazitoki mdomoni mara moja. Kisha akaenda nalo chooni, akarudi mikono mitupu.

Damu ilipanda. Haikupanda kwa mbio, ila kila kliniki ilisogea, na kila iliposogea mama mkwe alimtaka nesi aandike kwenye kadi kwamba ni chatne. Nesi alieleza kuhusu vidonge. Mama mkwe alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, daktari. Andika na chatne."

Binti yangu alizaliwa salama. Nilipoteza damu, kama wanavyopoteza wote, na ya akiba ilikuwepo. Mama mkwe alikuwa mlangoni tangu alfajiri, na alipoambiwa kwamba sote wawili wazima alikaa chini pale pale sakafuni.

Siku ya tatu ya arubaini yangu, baada ya mabakuli ya uji wa pilipili manga yasiyo na idadi, nikaomba kijiko kimoja cha chatne.

Akanitazama kwa masikitiko. "Sasa? Mzazi? Chatne ni kitu cha baridi, mwanangu. Wataka kuumwa?"

Nilifungua kinywa nimkumbushe kwamba miezi michache nyuma ilikuwa kitu cha moto, lakini mlangoni palikuwa na mtu anapiga hodi. Alikuwa jirani yetu, tumbo lake la miezi minne, amekuja kunipa hongera na kuuliza jambo. Mama mkwe akampokea barazani. Nikaunywa uji wangu kitandani, mtoto kifuani, nikimsikiliza kupitia pazia akimweleza polepole, kwa mfano wa chumvi na mfano wa karafuu za pilau.

"Kotmiri haina neno, mwanangu. Kula. Ila kwanza nambie: maji umechemsha?"