Chumvi ya Mkupuo Mmoja

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Irine alikuwa ameshazama hadi magotini mferejini, akizoa tope pamoja na majirani zake wa Bombo. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na asiyefika husemwa mwaka mzima.

"Mama Dhahabu, usituchafue!" Mzee Loth alimtania. "Au tope lako nalo linauzwa?"

Watu wakacheka. Irine akacheka nao, kwa shida.

Tangu amalize chuo yuko maabara, Arusha. Hatengenezi pete wala mkufu. Anashughulika na chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho, zinazoelea majini na kuyafanya mekundu kama juisi ya rozela. Nyuzi za DNA hukunjwa zikawa kalibu, kama zile za kufyatulia matofali. Chembe hukaa humo, na ikitoka huwa imebandikwa nyuzi chache, pale pale zilipopangwa. Ili nyuzi zishike, chumvi hutiwa tone kwa tone, kutwa nzima.

Ijumaa hakuwa na kutwa nzima. Basi la Same, la kumpeleka nyumbani, lilikuwa la saa saba. Aliimimina chumvi yote kwa mkupuo mmoja, na maji yakageuka bluu akiyatazama: chembe zimegandamana, kalibu za wiki tatu zimepotea. Akavirudisha vichupa kwenye friji, akaondoka.

Akiwa njiani, daktari mkuu wa maabara, aliyeyakuta maji ya bluu na kudhani vichupa vilikuwa vichafu, alimwandikia: Nani aliosha vichupa? Akajibu: Fadhila. Na kweli, Fadhila ndiye aliyeviosha.

Sasa simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Fadhila mwenyewe, mwenzake wa maabara, aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi sita tu.

"Shikamoo dada. Nisamehe, nimekuharibia kazi. Sijui sabuni ilibaki wapi. Daktari kasema Jumatatu nikabidhi funguo."

Irine alipanda ukingoni. Uso ulimwaka.

"Fadhila, si wewe. Ni mimi. Nilimimina chumvi yote, niwahi basi."

"Ulijua kabla hujaondoka?"

"Nilijua."

"Jana nimelia mbele ya daktari, dada. Nimemwomba radhi kwa vichupa nilivyovisuuza mara tano." Akavuta pumzi. "Mpigie. Sasa hivi."

Akakata.

"Irine! Tope halijizoi!" mama yake aliita kutoka chini.

Alilitafuta jina la daktari kwa kidole kichafu. Daktari akapokea kwa uchangamfu, akauliza habari za nyumbani. "Si Fadhila, daktari," Irine akasema. "Chumvi niliimimina mimi, yote kwa mkupuo mmoja." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na kule mferejini majembe yakatulia, moja baada ya jingine, watu wakisikiliza.