Mkono Wangu Ulianza Kabla ya Kisomo

Mhariri ameniahidi kulificha jina langu, kwa hiyo nitasema yote. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, naishi Temeke na mume wangu, mtoto sikujaliwa. Kazi yangu ilikuwa ususi. Nusu ya vichwa vya mtaa huu vimepita magotini pangu, na maringo nilikuwa nayo, sikatai. Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto, kwani wa kulia haushiki tena kalamu.

Mwaka jana niliota uvimbe kwenye titi la kulia. Nikaona haya, nikauficha mpaka ukawa kidonda. Aliyejua ni mume wangu peke yake, na mimi mwenyewe nilimwapisha asimwambie mtu. Kisha vidole viwili vya mwisho vikaanza ganzi, bega likawa linawaka kama limepakwa pilipili, chanuo likawa linaniponyoka katikati ya kazi. Mume wangu akanipeleka hospitali. Alikaa ubavuni mwangu wakati dresa, mfunga vidonda wa pale, akitutafsiria maneno ya daktari: ugonjwa wa titi umepanda kwapani, umeibana mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, na mkono huo utalala usiamke. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Siku zile alikuwa mwema kweli. Alikuwa akirudi kutoka kazini Kurasini, hajala, ananikanda kwanza. Nje nilijikaza, na hakuna aliyegundua.

Ikaja siku ya mkufu. Jirani yangu mmoja mtu mzima, nitamwita Bi Zena, ndiye anayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Alikuja kusukwa, akavua mkufu wake wa dhahabu akauweka mkekani usinase nywele. Alipofika kwake hana. Tuliutafuta hadi chini ya mitungi, tusiuone, na uani kwangu siku ile walipita wanawake wengi. Bi Zena hakunitaja, ila alisomesha Halbadiri, kisomo cha kumlaani mwizi, aliyechukua aumbuke. Niliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa na wasiwasi gani?

Hazikupita wiki mbili mkono ukalala kabisa, ukavimba na kuning'inia. Nikawa nakula kwa kushoto, na hilo halifichiki. Watu wakajumlisha wenyewe. Wateja wakakatika mmoja mmoja, na shikamoo yangu Bi Zena akawa haiitikii.

Wazee wa mtaa wakaja kumuuliza mume wangu. Walikaa barazani, mimi nimesimama nyuma ya pazia.

"Bwana, mkono wa mkeo umeanza lini?"

Nilishusha pumzi. Nikajua sasa nimeokoka, na hata akilitaja titi nitamsamehe.

"Baada ya kisomo," akasema. "Kabla ya hapo alikuwaga mzima tu, anasuka watu kutwa nzima."

Nilimngoja aingie ndani. "Mume wangu, si tulikwenda wote hospitali?"

"Tulikwenda."

"Sasa mbona umesema vile?"

"Si wewe uliyeniapisha nisiseme?"

"Nilikuapisha unyamaze. Sikukuapisha unifanye mwizi."

Akavua kofia yake, akawa anaitazama. "Nimeposa Mbagala," akasema. "Mie nikimwacha mke mgonjwa watu watanisema mpaka nife. Nikimwacha mwizi, hakuna atakayeniuliza."

Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, kama ananiagiza nimpashie maji ya kuoga.

Jamani, niliumia. Kidonda cha titi nimekizoea, nakiosha na kukifunga mwenyewe. Hili sijui nilioshe na nini. Miaka kumi na tisa nimelala ubavuni mwa mtu huyu, na siri niliyomkabidhi kwa aibu yangu ndiyo aliyoitumia kunizika. Ameniambia mwezi ukiandama ataniandikia talaka.

Daktari hakunificha, siku zangu si nyingi. Nikinyamaza naondoka na jina la mwizi. Nikisema, mume wangu atakana, karatasi za hospitali anazo yeye, na shahidi niliyebaki naye yuko chini ya blauzi. Bi Zena ameosha wanawake wengi. Akikiona kidonda hiki atajua si kipya, atajua kilitangulia mkufu wake kwa miezi. Lakini titi limeoza, linanuka, na mie ndiye yule niliyekuwa nikiwacheka wenzangu kwa kutojipenda. Juzi nilifika hadi mlangoni kwake. Nikamsikia anatwanga, nikarudi.

Bi Zena ataniona tu, iwe leo au siku ya kuniosha. Siku hiyo ataujua ukweli, labda atalia na kuniomba radhi, ila mimi sitamsikia. Wasomaji wenzangu, hasa kina mama, nishaurini: niende nikamfunulie sasa, au ningoje anifunue mwenyewe?