Ukuta Uliokausha Soksi

Nyumba niliyopanga Tukuyu ilikuwa na breka moja tu kwa soketi zote. Nikiwasha hita ya maji na pasi pamoja, inakata umeme. Kwa baridi ile, uvumilivu ulinishinda. Nikamwita fundi aweke breka kubwa.

"Mwalimu, breka inalinda waya, na waya wako ni mwembamba."

"Nimeita fundi, sikuita mshauri!"

Akaweka. Haikukata tena. Mvua ikanyesha wiki nzima, na ukuta juu ya soketi ukawa na joto zuri. Nikawa nakaushia soksi hapo, nimefurahi kweli, mpaka niliposikia harufu ya plastiki ya waya ikiungua humo ukutani.

Fundi alirudisha breka ndogo bila kunicheka. Inakata kama zamani. Nami kila nikipita, napapasa ukuta kuhakikisha ni wa baridi.