Treni ya Mudogo Wangu Haifiki Butembo

Nilimupoteza mudogo wangu mwaka jana, mwezi wa tisa, siku ya Jumatano, kilomita kumi na saba kabla ya kufika Butembo. Wiki mbili kisha kifo chake nikapoteza na sauti yake. Sasa sauti imeonekana, na mimi ndiye napaswa kuamua kama itabaki ao itafutika. Admin, ficha jina langu. Mama hana simu, mais majirani wanazo.

Niko mama wa miaka 41. Nilianza na beseni moja ya maharagi ya Musienene kichwani. Leo niko na magazini, duka ya vyombo, hapa Butembo, na hakuna mutu alinishika mukono. Mudogo wangu, tumuite Muhindo, ndiye alikuwa anasindikiza mizigo yangu toka mupakani Kasindi. Miaka 29, hakuwa na mambo mengi, ni kompyuta yake tu na mchezo mumoja wa kuendesha treni. Sisi huku hatuna reli hata metre moja. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona treni kwa macho. Mais ule mchezo unakuachia kujenga njia yako, donc akajenga yake: Kasindi, Beni, Butembo. Kila safari alikaa ndani ya lori pembeni ya shofera, na kaye, daftari yake, kwenye magoti, anaandika kila kona, kila mupando, kila daraja. Nilimucheka: "Na abiria utawatoa wapi?" Akanijibu na jina aliniitaga mimi dada yake mukubwa:

"We Yaya ndiye abiria wa kwanza. Na utalipa."

Ile Jumatano alinipigia simu saa nane, yuko Beni. "Yaya, mvua iko inanyesha, shofera amechoka. Tulale hapa, kesho asubui tunatoka."

Nikapiga hesabu. Kesho yake ilikuwa soko ya Musienene, na ndani ya lori kulikuwa dazeni mia na ishirini za sufuria. Nikamuambia: "Musilale Beni. Mukuje leo."

Akacheka kidogo. "Sawa, bosi."

Lori likakosa frein, breki, kwenye muteremuko, saa kumi na robo, na hakuna mutu alitoka muzima.

Hiyo simu hakuna mutu anaijua. Mama anafikiri shofera ndiye aliamua kuendelea. Ninyi ndio wa kwanza kusikia.

Siku ya kumaliza matanga tukagawa vitu vyake kama inavyofanyikaga: koti kwa mujomba, viatu kwa binamu, kompyuta kwa ndugu yetu mukubwa. Huyu, hata kuniuliza hakuniuliza, akaipeleka kwa fundi ifutwe yote, "maana vitu vya marehemu visinifuate." Nilipopiga kelele, nikaambiwa mwanamuke haingilii mugawanyo. Miaka mine ya kazi ya Muhindo, dakika makumi mawili, kwisha. Mimi nilipewa ile kaye. Sikuwa na roho ya kuifungua, nikaiweka kabatini. Mwezi uliopita nikaifungua. Ndani ya jalada alikuwa amebandika clé USB, flashi ndogo.

Tukaenda na mama mpaka Beni, kwa mzee mumoja Muislamu mwenye kuuza kompyuta na michezo. Ni yeye alimuuziaga Muhindo. Akaingiza ile clé. Treni ikatoka Kasindi, kona kwa kona, nikaitambua barabara yote. Ilipoingia Beni, Muhindo akasema. Alikuwa amejirekodi yeye mwenyewe: "Beni! Abiria ba Beni, mushuke! Yaya, kama uko ndani, onyesha tiketi. Hapa hakuna deni!"

Mama akaitika kwa nguvu: "Muhindo, niko hapa!"

Treni ikaendelea, kisha reli zikaisha katikati ya majani. Nikasoma namba kwenye ekra ya kompyuta. Nikasoma tena, mara tatu, mimi mutu wa hesabu. Zilibaki kilomita kumi na saba kufika Butembo.

Mzee akatuelezea polepole. "Version ya zamani ya mchezo nabaki nayo moja tu, na machine yake. Inasoma njia hii na sauti yote. Mais kuijenga mbele haiwezekani tena, wenye kutengeneza mchezo walisha kufunga ile sehemu. Version mupya, naweza kuimaliza mpaka Butembo, kila kona iko mu kaye yake. Lakini sauti haiingie kule. Atapita kimya."

Nikasema nanunua zote mbili. Mama akanikatalia pale pale, mbele ya watu. "Kwa hiyi anasema na hafike, kwa ile anafika na hasemi? Sitaki Muhindo wawili, mwanangu. Chagua moja." Na yeye amekwisha kuchagua: anataka ile mupya, mutoto afike nyumbani.

Musiniambie nirekodi kwa simu. Nilifanya. Kwenye simu ni kelele tu. Kwenye treni yuko kazini.

Tangu siku ile, kila saa nane ya mchana, hata wateja wakiwa mbele yangu, namusikia: abiria ba Beni, mushuke. Yeye aliomba kushuka Beni. Ni mimi nilimukataza. Juzi nimerudishia mutu chenji mara mbili, kitu ambacho hakijanifikia tangu nianze biashara.

Nikichukua ya zamani, mama atamuangalia kila siku anakwama pale pale alipofia, na mimi nitamusikia ananiomba Beni mpaka nizeeke. Nikichukua mupya, itakuwa mara ya pili namulazimisha kufika Butembo, na mara hii namufunga na kinywa.

Mzee ananishikia zote mpaka Jumamosi, saa sita ya mchana. Kisha anauza. Pole zenu nimezipokea toka mwaka jana, zinatosha. Nishaurini kwa neno moja, ya zamani ao mupya, na muandike kabla ya Jumamosi saa sita. Nifanye nini?