Mpira Ulioiva Koponi

Mwaka 1936, msimu wa kuuza pamba, nilifiwa na mume wangu kwenye njia ya Geita.

Alikuwa fundi wa mipira ya malori hapa Shinyanga. Mpira wa ndani ukitoboka, alibandika kipande cha mpira mbichi, akakibana kwa jiriwa juu ya bamba la moto mpaka kiive na kushikana. Mpira mbichi wa zamani ulichanganywa na unga wa kiberiti, yaani salfa, peke yake. Uliiva polepole, na madereva walimtania kuwa anapika makande. Kipupwe kilipoukaza, aliuweka jikoni kwangu karibu na mafiga ulainike. Kila fundi alifanya hivyo.

Mwaka ule ukaja mpira mpya. Aliniambia umetiwa dawa ya kukiharakisha kiberiti, na kweli kiraka kiliiva kabla chai haijachemka. Alifurahi. Kopo la mpira huo akaliweka palepale jikoni, karibu na mafiga.

Siku moja mwenye lori alikuja na mpira wa ndani uliotoboka, amepakia unga wa wachimba dhahabu wa Geita; mume wangu alikata kipande akakitia kwenye petroli. Mpira mbichi hulainika humo hadi kuwa kama uji. Kile kilivimba tu. Alikitazama, kisha akaniambia, "Umeiva humu koponi. Kwa dawa hii, joto la mafiga limetosha. Kilichokwisha kuiva hakishikani tena na kitu."

Akamwomba mwenye lori asubiri mpira mwingine kutoka Mwanza. Yule alicheka.

"Fundi, juzi ulijisifu unaiva upesi. Leo umeiva, unalalamika. Bandika."

Akabandika. Alikwangua zaidi, akabana zaidi. Kwa macho kilikuwa kiraka kizuri. Halafu akachukua koti lake, nami nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kazi hii siiamini. Nitakwenda nayo, niiangalie kila tukisimama."

Nilimfungia matobolwa, viazi vyetu vya kukausha. Alipanda juu ya magunia.

Dereva wa lori lile alipona. Alikuja msibani akanieleza kwamba kwenye mteremko gurudumu la mbele liliishiwa upepo ghafla, lori likapinduka upande aliokaa mume wangu. Dereva huyo alikuwa amebeba ule mpira wa ndani, hakujua aupeleke wapi. Kiraka kilikuwa kimebanduka kizima, upande wa chini mkavu, kama hakijawahi kugusa kitu.

Niliupokea. Nikaingia jikoni, nikalitoa kopo karibu na mafiga, nikaliweka nje kivulini.