Blabla Kwenye Masanduku ya Kakao

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha kakao, Bujonde huko Kyela, msimamizi alitupanga mbele ya masanduku akasema, "Hapa sitaki blabla."

Mama Sekela, aliyekuwa pale miaka mingi kuliko sote, akauliza, "Blabla ndiyo nini, baba?"

"Kiingereza cha mitaani. Maneno ya bure. Mtu anaongea weee, mwingine anasikia bla, bla, bla. Jina limetoka hapo."

"Kumbe limetoka kwenye masikio ya huyo mwingine," alisema Mama Sekela. "Mdomo hauna kosa."

Tulicheka. Msimamizi hakucheka.

Kazi yetu ilikuwa kuvundika. Mbegu mbichi hujazwa kwenye sanduku la mbao na kufunikwa kwa majani ya migomba mpaka zipate joto. Kila baada ya siku mbili hugeuzwa. Zisipogeuzwa hupoa na kuota ukungu. Daftari hatukuwa nalo. Tulikuwa na Mama Sekela. Alisimulia vituko vya shemeji yake mlevi huku mkono wake ukipita chini ya majani, na katikati ya kisa alisema, "La pili linachoma, la tatu limepoa, geuzeni." Kisha shemeji akaendelea kuanguka mtaroni.

Mwaka wangu wa tatu msimamizi alichoka. "Atakayeongea tena, aende kwao." Tukanyamaza wote, hata yeye Mama Sekela.

Wiki hiyo nilipitisha mkono kwenye sanduku la tatu. Lilikuwa limepoa. Kila mmoja alidhani mwenzake ameligeuza. La kusema nilikuwa nalo, lakini tangu shuleni mimi ni mtu wa aibu, na ukimya ule ulinifaa. Nikarudishia majani.

Lilipofunguliwa lilikuwa jeupe kwa ukungu. Msimamizi akamgeukia Mama Sekela. "Haya ndiyo matunda ya blabla zako."

Mama Sekela akaniangalia mimi. "Mwanangu, wiki nzima tulikuwa pamoja. Niliongea?"

Nikatazama miguu yangu. Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikung'uta, akaondoka.

Msimamizi alinisifu kwamba sina blabla. Nilibaki msimu mmoja, nikaacha. Sijazeeka, lakini kazi ile siwezi kuirudia. Wadogo zangu wanaoianza huniuliza namna ya kujua sanduku limepoa. Nawaambia wapitishe mkono. Jambo linalofuata, la kusema, sina uso wa kulifundisha.

Mama Sekela sasa anauza ndizi sokoni Kyela na kupiga stori na kila mteja. Juzi nilimwendea, maneno nimeyapanga njia nzima. Zamu yangu ilipofika yakanikwama. Akanifungia ndizi kimya.

"Ndaga," akasema, asante ya kwetu, kisha akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu na kuendelea na kisa cha shemeji.