Chumvi ya Siku ya Kupala

Tangu astaafu kazi ya kiwanda cha nyuzi pale mjini Hrodna, Leakadzia aliweza kumaliza wiki nzima bila kuongea na mtu ila keshia wa duka la chini. Ndiyo maana mlango ulipogongwa jioni ya Kupala, sikukuu ya katikati ya kiangazi, vipaza sauti vya manispaa vikiwa vimeshaanza kunguruma kule mtoni, alivua aproni kwanza ndipo akafungua.

Alikuwa Uliana, nesi wa ghorofa ya nne aliyehamia majira ya kuchipua, taji la maua limemkaa upande kichwani.

"Shangazi, niokoe! Chumvi imeniishia na wageni wameshakaa mezani. Vijiko viwili tu."

Miezi mitatu Leakadzia alikuwa akitafuta namna ya kumkaribisha binti huyu. Lakini kabla hajafikiri, mdomo wake ulijibu kama alivyolelewa kijijini kwa bibi yake:

"Leo sitoi kitu, mwanangu. Ni Kupala."

Kwao kila mtoto alijua: mwanamke anayekuja kuazima siku hiyo ndiye mchawi, na ukimpa, maziwa ya ng'ombe wako yanaondoka naye.

Uliana, ambaye naye aliwahi kuisikia imani hiyo, alicheka. "Kumbe mchawi ndiye mimi! Na huyo ng'ombe umemficha wapi, bafuni?" Kicheko kikamkatikia njiani. "Haya, shangazi. Sikukuu njema."

Lifti ikamchukua.

Leakadzia alibaki ameshika kitasa. Bibi yake alikuwa na nyumba arobaini za kugombana nazo. Akimfukuza jirani mmoja leo, kesho wanakuja wawili kumsuta. Yeye alikuwa na mlango huu mmoja, nao umegongwa mara moja. Akamimina chumvi kwenye kikombe, akashuka ghorofa tano kwa ngazi, asiwe na subira ya kungoja lifti.

Uliana alifungua huku anatafuna. Nyuma yake viti vilikuwa vikiburutwa, na mtu mmoja akiimba vibaya.

"Jamani shangazi, umejisumbua! Tumeshapata kwa jirani, kina Kastus."

"Chukua tu. Iwe ya akiba."

"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka mezani.

"Shangazi wa juu! Aliogopa nitamkaushia ng'ombe!"

Wakacheka wote, bila ubaya. Leakadzia akacheka nao, hata akazidisha kidogo. Akasimama pale akingoja mtu aseme ingia. Pengine Uliana alidhani ana haraka. Pengine wageni walidhani Uliana keshamwambia.

"Asante sana, shangazi. Kikombe nitakuletea."

"Leta wakati wowote. Mimi nipo."

Mlango ukafungwa taratibu. Akapanda ngazi polepole, akijiuliza watu wa siku hizi huchukua siku ngapi kurudisha kikombe.